Kitunguu cha Pili

TANGAZO KWA WANANCHI WOTE

Inatangazwa kwamba katika sherehe ya kufungua josho jipya la ng'ombe, itakayofanyika hapa Muleba siku ya Jumamosi, tarehe 12 Julai 1969, vitunguu vitakavyoandamana na nyama ya kuchoma havitaliwa vibichi. Kamati ya Chakula imefikia uamuzi huu baada ya kuzingatia yaliyotokea katika sherehe ya mwaka jana, ambapo mgeni rasmi, akiwa ameketishwa jirani na beseni la kachumbari, alisoma hotuba yake yote machozi yakimtiririka, na wananchi wakarejea makwao wakiamini kwamba upo msiba ambao hawajaambiwa. Bibi Maendeleo ameagizwa kubuni namna nyingine. Mwananchi yeyote mwenye maoni kuhusu vitunguu ayawasilishe kwa maandishi.

Clavery Rwegasira
Mwenyekiti, Kamati ya Chakula

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ghala la ushirika, na kwa siku tatu hapakuwa na maoni yoyote kwa maandishi. Maoni kwa mdomo yalikuwa mengi, ila Mwenyekiti hakuwa ametenga mahali pa kuyapokea.

Alistidia, ambaye ndiye aliyekuwa Bibi Maendeleo wa tarafa, alilisoma tangazo mara tatu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha akina mama kuchemsha maji ya kunywa, kushona nguo za watoto na kupika mboga bila kuiua. Mtu anayepewa kazi ya vitunguu kwa kawaida hapatwi na mapigo ya moyo ya kasi. Yeye yalimpata, na aliposhika ukingo wa mlango ili asionekane akiyumba, watu wawili waliokuwa wakipita walidhani amechukizwa na agizo.

Hakuwa amechukizwa. Tangu alipofika mstari wa nne alikuwa ameshakiona chakula chenyewe: vitunguu vikubwa vilivyofukizwa moshi vikiwa na maganda yake, vikachongwa ndani, vikajazwa jibini, kisha vikafungwa katika majani ya mgomba na kuzikwa kandoni mwa makaa ya nyama. Vitunguu vingepatikana Bukoba sokoni. Moshi ulikuwapo nyumbani kwao. Jibini, katika Muleba nzima, ilitengenezwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyeyasababisha yale mapigo.

Buberwa, mzaliwa wa Ijuganyondo, alikuwa Bwana Mifugo. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, Mlutheri, na alikuwa amerudi kutoka mafunzoni akiwa na ujuzi ambao hakuna aliyemtuma akaulete. Katika chumba cha nyuma cha kituo cha maziwa aligandisha maziwa, akayakamua kwa kitambaa, akayatia chumvi na kuyalaza juu ya ubao kwa majuma mengi. Wananchi walionja kwa heshima, kisha wakauliza kama inatoa povu.

Mwaka huo alikuwa amemtuma mshenga mara mbili nyumbani kwa akina Alistidia, na mara mbili mshenga, Mzee Ildefons, alirudi na fimbo yake bila jibu la kufurahisha. Baba yake Alistidia, Ta Mwijage, alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza alikuwa tayari kuitaja mbele ya watu: yeye ni mzee wa kigango cha Kikatoliki, na binti yake hatakwenda kuimba katika kanisa la wengine. Ya pili hakuitaja, lakini ilikuwa ikitembea na kula nyasi. Miaka miwili nyuma Bwana Mifugo, kwa amri ya kuboresha mifugo, alikuwa amemhasi Ruhogo, fahali wa Ta Mwijage, fahali ambaye watu wa vilima viwili walikuwa wakisimama kumtazama apitapo. Mtu anaweza kusamehe tofauti ya dini. Fahali ni jambo jingine.

Mara ya pili Mzee Ildefons alipokuja, Alistidia alikuwa nyuma ya ukuta wa matete, na maneno ya baba yake aliyashika kama katekisimu.

"Mwambie huyo kijana wako," Ta Mwijage alisema, "siku atakapotia mkononi mwangu kitu chochote, hata kiwe kiazi, nami nikaomba cha pili, siku hiyo nitampa buni za kutafuna kama mgeni wa heshima na nitamsikiliza. Mpaka leo alichowahi kunipa ni maksai."

Sasa maksai huyo ndiye aliyekuwa achomwe. Ta Mwijage alikuwa amemtoa kwa hiari, akisema kwamba mnyama aliyenyimwa watoto asinyimwe pia heshima. Kwa sababu ya ukarimu huo aliwekwa miongoni mwa wazee wa kuonja, wale wanaokula kabla ya mgeni rasmi ili kama kuna ubaya uwapate waliokwisha kuishi. Angekula nyama, na kando ya nyama angewekewa kitunguu, kwa amri ya Kamati, kwa mkono wa Bwana Mifugo. Alistidia aliliacha lile tangazo likiwa limebandikwa, ingawa mkono wake ulitamani kulibandua na kulitia kifuani.

Alikwenda kituo cha maziwa siku ya Jumatatu, amevaa gauni ambalo halikuwa la kazi za Jumatatu. Buberwa alikuwa amekunja mikono ya shati, akining'iniza kitambaa kilichokuwa kikidondosha maji ya maziwa ndani ya ndoo.

"Habari za kazi, Bwana Mifugo."

"Nzuri, Bibi Maendeleo. Umekuja kikazi?"

"Kikazi kabisa."

"Pole," alisema, na akaendelea kufunga fundo ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa.

Alistidia alimweleza kila kitu akiwa amesimama mlangoni, maana ndani kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja na jibini. Alimweleza habari za moshi, za majani, za wazee wa kuonja. Maneno ya baba yake aliyataja mwisho, haraka, akitazama ndoo. Aliponyanyua macho alimkuta Buberwa akimtazama kama mtu aliyesomewa barua na anaogopa kuomba isomwe tena.

"Ipo jibini moja," alisema hatimaye. "Imetimiza majuma tisa. Sikuitoa kwa mtu."

"Ulikuwa unamwekea nani?"

"Nilikuwa sijajua." Aliishusha kutoka kwenye ubao, nzito, ya manjano, imezungushiwa kitambaa cheupe, akaiweka mikononi mwa Alistidia. Vidole vyao vilikutana chini yake, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuachilia bila kuiangusha, vilikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa jibini ya uzito ule. "Sasa nimejua."

"Cha kwanza atakila kwa wajibu," Alistidia alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Kazi yetu sisi ni cha pili."

Alhamisi alipanda basi la asubuhi kwenda Bukoba, akamkuta Lukmani, muuza vitunguu wa sokoni, na akaanza kuchagua kimoja kimoja. Vile vyenye shingo nene alivikataa. Vile vilivyokuwa vyepesi alivikataa. Lukmani alivumilia hadi cha kumi na nne, kisha akamuuliza kama vitunguu hivyo ni vya kula au vya kuposa.

"Ni vya josho la ng'ombe," Alistidia alijibu.

"Basi ng'ombe wa Muleba wamepata bahati," alisema Lukmani. "Mimi mke wangu sikumchagua hivi."

Alirudi na gunia magotini njia nzima, kwa sababu hakumwamini utingo, na kila basi liliporuka shimoni alilikumbatia. Abiria wa jirani alimpa pole ya mtoto.

Ijumaa kabla ya adhuhuri Ta Mwijage alitoka nyumbani akimsindikiza Ruhogo hadi Muleba kwa miguu yake mwenyewe, akiwa amekataa watu wawili waliojitolea kumswaga. Alipopotea nyuma ya migomba, Ma Kokubanza, mama yake Alistidia, alifunga kanga kiunoni na kusema kwamba jiko liko huru mpaka jioni, na kwamba kama kuna Mlutheri amejificha kwenye kahawa atoke sasa, siafu wa huko hawachagui dhehebu.

Buberwa alitoka, akijipangusa miguu.

Juu ya mafiga ya Ma Kokubanza palikuwa na kichanja cha miti ambacho kilikuwa kikitumika kuivishia ndizi za pombe tangu kabla Alistidia hajazaliwa. Miti yake ilikuwa myeusi na inang'aa kwa masizi. Walipanga vitunguu juu yake, vyote sitini, na maganda yake. Chini Ma Kokubanza hakuwasha kuni za kawaida. Alileta vijiti vya mibuni mizee iliyokatwa wakati wa kupogolea, akavitia moto, vilipokolea akavinyunyizia maji kwa ufagio, na moshi wake ukapanda mweupe, mtamu, wenye harufu kama ya mtu aliyevunja sukari ndani ya kikombe cha kahawa. Wakafunika kila kitu kwa majani makavu ya mgomba, wakasubiri.

Kusubiri kulikuwa kugumu kuliko kazi. Mara tano Alistidia alifunua pembe ya majani, na mara tano mama yake alimwambia kwamba moshi haupendi kutembelewa. Saa tisa maganda yalikuwa yamegeuka rangi ya shaba na vitunguu vilikuwa vimelegea vikibonyezwa. Harufu ilikuwa imetoka jikoni, ikavuka ua, na jirani yao Jovita alikuja kuazima chumvi ambayo alikuwa nayo kwake, akasimama, akavuta pumzi, na akaondoka bila kukumbuka kuichukua.

Ndipo mikono mitatu ikaingia kazini. Ma Kokubanza alimenya. Alistidia alichonga ndani kwa kijiko kidogo. Buberwa alisaga jibini kwenye kikwaruzo alichokitengeneza kwa kutoboa mkebe kwa msumari, akaichanganya na samli, pilipili iliyopondwa na nyama ile ya kitunguu iliyotolewa. Walijaza cha kwanza kwa majaribio, wakakifunga katika jani lililobabuliwa, wakakizika kwenye majivu ya moto. Kilipofunguliwa jibini ilikuwa imeyeyuka hadi ukingoni na kupiga rangi ya dhahabu. Alistidia aling'ata upande mmoja, akampa Buberwa upande wa pili, naye aling'ata kabla yeye hajamaliza kuondoa mdomo wake. Uzi wa jibini ukabaki kati yao, mrefu, mwembamba, ukikataa kukatika. Hakuna aliyesogea nyuma. Moshi uliwatoa machozi wote wawili na hakuna aliyeyafuta.

"Mimi sioni kitu," alisema Ma Kokubanza. "Ni huu moshi."

Uzi ulikatika. Alistidia alicheka hadi akashika ukuta. Kitunguu kilikuwa na utamu wa chini, wa moshi, halafu chumvi ya jibini ikaja juu yake, halafu pilipili ikaja nyuma kama mgeni aliyechelewa anayejua kwamba bado anasubiriwa. Alijua, kwa namna ambayo mtu hujua mambo machache sana maishani, kwamba baba yake angeomba cha pili.

"Ni maziwa mazuri," Ma Kokubanza alisema akilamba kidole. "Ya ng'ombe wa nani?"

Buberwa alijibu kwa fahari ya mtu aliyekuwa akingoja swali hilo. Hakuchanganya maziwa ya watu, alisema. Alitumia yale tu yaliyoletwa kutoka nyumba hii, ili mzee aonje mali yake mwenyewe. Ilikuwa ni jibini ya Bihogo peke yake, ng'ombe wa kukamuliwa wa nyumba hiyo.

Ma Kokubanza aliliweka chini lile jani la mgomba la kufungia. Akauliza, polepole, kama Bwana Mifugo anaye katika madaftari yake mama yake Ruhogo.

Anaye. Alikuwa amemwandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mwaka aliomhasi: Ruhogo, wa kiume, mama Bihogo.

Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za wenye ng'ombe, maziwa na nyama havikukutana katika mlo mmoja, maana kiwele cha ng'ombe hupasuka. Jibini ilikuwa imeponyoka katika mwiko huo kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa na kuamua kama ni maziwa. Hainyweki, haimwagiki, na wazee waliotunga mwiko hawakuiona. Lakini kumchoma maksai na kumla pamoja na maziwa ya mama yake mzazi lilikuwa jambo ambalo halikuhitaji kikao. Ta Mwijage angelikataa kwa mila, kisha, akiwa mzee wa kigango, angelikataa tena kwa Maandiko, yanayokataza kumpika mwana katika maziwa ya mama yake.

"Hatumwambii," alisema Alistidia.

Buberwa aliitazama ile jibini. Hapakuwa na nyingine, na sherehe ilikuwa kesho. "Nikikupata kwa kumficha baba yako," alisema, "itanibidi nimfiche maisha yangu yote."

"Na ukimwambia hutakuwa na maisha ya kumficha. Utakuwa na daftari lako la ng'ombe."

"Alisti."

"Usiniite Alisti. Nimebeba gunia magotini kutoka Bukoba. Baba yangu amesema neno moja tu la kutufungulia mlango katika mwaka mzima, na neno hilo limo ndani ya vitunguu hivi." Alichukua kijiko akachonga kitunguu kingine. "Wewe unataka kuwa mwema. Mimi nataka uwe wangu. Chagua kesho utakuwa nini."

Ma Kokubanza alifunga vitunguu viwili.

"Sitasema neno kabla hajaonja," alisema Buberwa. "Hilo nakuahidi."

Alistidia aliridhika. Furaha ilimrudia haraka mno kiasi kwamba hakukumbuka kuuliza habari za baada ya kuonja.

Jumamosi palikuwa na jua safi la kiangazi, na moshi wa nyama ulisimama wima juu ya uwanja wa josho. Ruhogo alikuwa amelala juu ya mashimo matatu ya makaa, na watu ambao hawakuwa wamewahi kufika karibu yake akiwa hai walikuwa wakigombea nafasi. Kandoni mwa makaa vifurushi vya majani vilifuka taratibu. Alistidia alivigeuza kwa kijiti, akiwa amevaa lile gauni la Jumatatu, na kila alipoinua macho Buberwa alikuwa upande wa pili wa moto akiwa amekwisha kumtazama.

Wazee wa kuonja waliketi kwenye benchi: Ndugu Clavery Rwegasira, Mwenyekiti, Mzee Ildefons, ambaye hakuna aliyejua alichaguliwa kwa sifa gani, na Ta Mwijage, katika koti lake la kanisani. Ta Mwijage aliula ubavu wa Ruhogo kwa ukimya wa mtu aliyekwenda mazishini akakuta chakula ni kizuri. Ndipo Buberwa akamjia na kifurushi juu ya sahani ya bati, akapiga goti moja, na kumwekea mkononi.

Mzee alilifungua jani. Mvuke ulipanda usoni pake, akafumba macho, akayafumbua. Aling'ata. Uzi wa jibini ulinyooka kutoka mdomoni hadi kitunguuni, akaufuata kwa macho kwa mashaka, akaukata kwa kidole gumba, akautia kinywani. Alitafuna. Alistidia alihesabu kutafuna huko hadi ishirini na moja na hapo hesabu ikampotea.

"Hiki ni nini?" aliuliza Ta Mwijage.

"Ni kitunguu, Tata."

"Vitunguu navijua."

Alimaliza. Alilikunja jani kwa makini, kama mtu anayekunja hati. Kisha, bila kumtazama yeyote, alinyoosha mkono wazi mbele yake.

"Kingine."

Mzee Ildefons aliacha kutafuna. Upande wa akina mama kelele ilikatika kama iliyokatwa kwa panga, maana neno lile la Ta Mwijage lilikuwa limezunguka kilima kizima tangu siku liliposemwa. Damu ilimpanda Alistidia hadi masikioni, na angeweza kukimbia hadi Bukoba na kurudi. Alimwona Buberwa akikichagua kitunguu cha pili, kikubwa kuliko vyote, akakiweka katika kile kiganja, na hakuuondoa mkono wake.

"Ta Mwijage, waitu," alisema kwa unyenyekevu, "kabla hujala hicho, nina neno."

Alistidia alifumba macho.

Buberwa alilisema lote. Hakulipamba wala hakulifupisha, na hakumtaja mtu mwingine aliyelijua. Alisema jibini ni ya maziwa ya Bihogo, na kwamba alidhani anampa mzee heshima, na kwamba hakufungua daftari lake mpaka alipoulizwa. Ta Mwijage alimsikiliza akiwa ameshika kitunguu. Mvuke ulikuwa bado ukipanda.

"Umenilisha mtoto kwa maziwa ya mama yake."

"Ndiyo, mzee."

"Na nilikuwa nimekwisha kuomba. Mlango ulikuwa wazi. Kwa nini umesema?"

"Kwa sababu uliomba cha pili. Mtu anayeomba cha pili anastahili kujua cha kwanza kilikuwa nini."

Mzee alimtazama muda mrefu, kama alivyokuwa akimtazama Ruhogo zamani, kuanzia kwato. "Na Bihogo akipasuka kiwele?"

"Nitakuja kumkagua kila asubuhi."

"Hadi lini?"

"Hadi utakaponiambia basi."

Ta Mwijage alisimama na kutangaza kwamba ombi lake amelifuta, kwa kuwa aliomba bila kujua anaomba nini. Ma Kokubanza alisimama upande wa akina mama na kuuliza, kwa sauti ya kawaida iliyofika hadi barabarani, tangu lini neno la mwanamume likitoka hurudi ndani kama kuku. Alisema "kingine", alieleza, na watu arobaini walisikia. Mzee Ildefons aliongeza kwamba yeye kama mshenga ameshahesabu mara moja na mara ya pili, na kwamba umri wake haumruhusu kurudi nyuma katika hesabu. Ta Mwijage alikuwa amekaa miaka kumi na minane barazani akisikiliza mashauri ya wengine, na hakuamini jambo lolote mpaka lisomwe kutoka kwenye karatasi. Akadai Kamati iamue. Ndugu Rwegasira alisema Kamati ilikuwa imeundwa kwa ajili ya chakula. Ta Mwijage alimjibu kwamba hicho alichokishika mkononi si kiatu.

Kamati ilijifungia ghalani, pamoja na mlalamikaji na kitunguu chake. Nje, wananchi, ambao hawakuwa na shauri lolote na Bihogo, walivimaliza vitunguu vyote vilivyobaki kandoni mwa makaa. Mgeni rasmi alikula vitano, akasoma hotuba yake kwa macho makavu kabisa, na akasifiwa.

Alistidia alimkuta Buberwa nyuma ya josho.

"Ulikuwa umeshinda," alimwambia. Alitaka sauti iwe ya hasira, na nusu yake ilikuwa. "Mkono wako ulikuwa juu ya mkono wake. Kama ungenyamaza ungekuwa unatafuna buni saa hii."

"Najua."

"Hata huombi radhi."

"Nitaomba, kwa ajili yako. Kwa ajili ya kusema, hapana." Alikuwa amepauka, na jivu lilikuwa limemkalia kwenye nyusi. "Alisti, jana uliniambia nichague. Nilijaribu usiku kucha kuchagua kimoja. Sikuweza kuwa wako na kuwa mtu mwingine."

Alistidia alinyoosha kidole akalifuta lile jivu, kwanza nyusi moja, halafu ya pili, polepole, mbele ya ng'ombe wapatao thelathini waliokuwa wakingoja kuogeshwa. Alikuwa bado amekasirika. Aligundua kwamba angeweza kukasirika naye kwa miaka mingi sana, na wazo hilo likamfanya apumue kwa shida.

"Kila asubuhi?" aliuliza.

"Kila asubuhi."

"Baba huamka saa kumi na moja."

"Nitakuja saa kumi na nusu."

Mlango wa ghala ulifunguliwa. Watu walisogea, moto ukaachwa, na Alistidia na Buberwa wakasimama mwisho wa umati, mikono yao imekaribiana bila kushikana. Ta Mwijage alitoka nyuma ya wajumbe, uso wake haukusema lolote, mikono ameifunga nyuma. Ndugu Clavery Rwegasira alivaa miwani, akaifuta, akaivaa tena, na kusoma:

"Kamati ya Chakula, baada ya kusikiliza pande zote, imeamua kama ifuatavyo.

"Moja. Kuhusu kama jibini ni maziwa au si maziwa, Kamati haina utaalamu. Kuanzia leo vyakula vyote vyenye jibini vitawekwa kwenye meza ya tatu, iliyo mbali sawasawa na meza ya nyama na meza ya maziwa. Meza hiyo itasimamiwa na Bwana Mifugo na Bibi Maendeleo kwa pamoja, katika sherehe zote, mpaka Kamati itakapoamua vinginevyo.

"Mbili. Bwana Mifugo atakikagua kiwele cha Bihogo kila asubuhi, nyumbani kwa Ta Mwijage, na kutoa taarifa kwa mzee mwenyewe, mpaka itakapothibitika kwamba kimedhurika au hakikudhurika.

"Tatu. Kuhusu kama ombi la Ta Mwijage lihesabiwe kuwa limeombwa au halikuombwa, shauri limeahirishwa hadi taarifa ya kiwele itakapokamilika. Siku ya kikao hicho haikupangwa.

"Nne. Kitunguu cha pili, kilichoingia kikaoni mkononi mwa Ta Mwijage kama kielelezo, hakikupatikana mwisho wa kikao. Kamati imeamua kutolichunguza jambo hilo."